Amina Huja Mwisho

Fundi viatu hakuwa na mtoto, mkewe hakuwahi kuzaa, na bado mtaa mzima uliwaita Baba Amina na Mama Amina. Mgeni akihamia hapo, haikupita wiki kabla hajauliza huyo Amina anasoma wapi, au kama ameolewa, ameolewa na nani, na mbona haonekani hata sikukuu. Majirani hawakumjibu. Ilikuwa raha yao kumtuma akamuulize mama mwenyewe.

"Amina hajambo?" mgeni angesema, kwa adabu zake zote.

"Hajambo sana," Mama Amina angejibu, uso mkavu. "Ila yule huja mwisho. Ukitaka kumwona, njoo Jumapili jioni kwa vijana, ukae mpaka tumalize."

Na mgeni akienda kweli, angemkuta. Nyuma ya kanisa palikuwa na ukumbi mdogo wa bati, wenye viti vya plastiki na feni moja iliyozunguka ilipopenda yenyewe, na humo ndimo mume na mke hao walimolea vijana wa kanisa tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Watoto waliletwa kutoka shule ya Jumapili wakiwa hawajui mikono yao waiweke wapi. Waliondoka wamemaliza sekondari, wana ndevu na maringo. Kila Jumapili walifunga kwa sala ya mduara. Mnasimama, mnashikana mikono, mnafumba macho. Mdogo kuliko wote anaanza kwa sentensi moja, kisha anambinya mkono wa jirani yake. Jirani anasema yake, naye anabinya. Asiye na la kusema anabinya tu, na hakuna anayemuuliza kulikoni.

Marufuku ilikuwa moja: kusema amina. Hata ungeomba mpaka machozi yakutoke, ungeishia hapo, ubinye, unyamaze. Mbinyo ulizunguka mduara mzima, ukamfikia fundi, fundi akambinya mkewe kushoto kwake, na mkewe ndiye aliyezikusanya sala zote, akavuta pumzi, akasema Amina moja kwa niaba ya wote. Hapo ndipo mikono ilipoachiwa. Akikuona unachungulia mlango kwa njaa, alichelewesha makusudi. "Hakuna kutoka," alikuwa akisema, macho kayafumba, tabasamu limemjaa. "Bado sijasema." Basi vijana wakambandika jina hilo, na jina likapita ukuta wa kanisa likaenea mtaani.

Mama Amina alifariki mwanzoni mwa mwaka, baada ya kuugua kwa muda mrefu.

Jumapili ya kwanza baada ya mazishi walisimama kama kawaida, na kati ya fundi na yule mdogo wa siku hiyo wakaacha pengo. Hakuna aliyepanga, ni miguu tu ilijua. Mbinyo ukaja, ukamfika fundi. Akasema sentensi yake, ile ile ya miaka yote, "Bwana, wewe unawajua," kisha mkono wake wa kushoto ukabinya hewa. Wakasubiri. Mtu akakohoa. Fundi akafumbua macho, akatazama dirishani, akasema, "Haya, giza linaingia." Wakaachana mikono wakaenda zao.

Tangu siku hiyo sala za vijana wale zilifungwa na giza. Hata jua likiwa bado juu ya bati, fundi alisema giza linaingia, na hakuna aliyembishia. Mchungaji, kijana mwenye heshima aliyekuwa na umri wa kuweza kuwa mwanawe, aliliona jambo hilo akaliacha. Kuna mambo mtu hayagusi hata kama ana cheo.

Lakini mwaka hausimami kwa sababu mtu amefiwa. Mitihani ilifika, matokeo yakatoka, na vijana sita waliomaliza wakaanza kuulizana watakwenda wapi. Desturi ilikuwa kuwaaga Jumapili moja: keki, maneno ya mchungaji, kisha sala ya mduara, na Amina ya siku hiyo ndiyo iliyowaruhusu kwenda duniani. Hapo fundi akaanza kupiga danadana. Kwanza alisema bati linavuja, litengenezwe kwanza. Lilipotengenezwa, akasema Mlingoti, mmoja wa wale sita, ana mafua, na haifai kumuaga mgonjwa. Mlingoti alipopona, ikawa mwoka keki amesafiri. Mwoka keki aliposikia hayo, alimwendea kibandani akamuuliza amesafiri lini, maana yeye mwenyewe hana habari.

Msimdhanie ubishi wa uzee. Wale sita walikuwa wamemuuguza mkewe. Mlingoti, aliyeitwa hivyo kwa urefu wake, ndiye aliyembeba mgongoni siku gari lilipokwama kabla ya lango la hospitali. Wasichana walikuwa wakija kwa zamu kumwogesha, kumsomea, kumpigia porojo. Na aliyekuja hata siku isiyo yake alikuwa Kasuku, mwenye kinywa kisichojua kupoa, aliyemfuta mgonjwa jasho huku akimsimulia fitina za shule nzima. Jioni fundi alipokaa peke yake akamkumbuka mkewe, alikuwa na watu sita wa kuwaambia "mnakumbuka siku ile" wakaitika kweli. Wakishaondoka angemwambia nani?

Kasuku alikuwa amemletea viatu vyake vyeusi abadilishe soli, kwa kuwa chuo cha uuguzi kilitaka viatu vyeusi visivyopiga kelele. Sasa, mafundi wote chini ya jua wana neno moja la kumwambia mteja, nalo ni kesho. Fundi huyu alikuwa tofauti; akikuambia Alhamisi, ujue ni Alhamisi. Kwa hiyo alipoanza kumwambia Kasuku njoo kesho, na kesho yake njoo kesho, binti alishangaa, kisha akaacha kushangaa.

Alimkuta mchana mmoja kibandani, kando ya duka la dawa, ameinamia kiatu cha mtu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo kesho."

"Hata sijauliza."

"Nilijua utauliza."

Kasuku akakaa kwenye kigoda cha wateja. Siku nyingine angeshaanza kusimulia habari tatu kwa mpigo. Siku hiyo alikaa kimya, na kimya chake kikamtia fundi wasiwasi. Akashika nyundo akapiga msumari uliokwisha kuingia.

"Baba, vile nyuma ya kopo la gundi si vyangu?"

"Gundi haijakauka."

Binti akasimama, akanyoosha mkono juu ya rafu, akavishusha. Soli mpya, pembeni pameshonwa, rangi imeng'aa, hata kamba zimetiwa. Akaikunja soli moja, akainusa.

"Vimeisha lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu ipi, Baba?"

Fundi akatafuna maneno. "Ya wiki ile."

Kasuku akacheka, halafu kicheko kikamgeuka njiani. Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, viatu kavipakata.

"Ulidhani sitakwenda kwa kukosa viatu?"

"Nilidhani utachelewa kidogo tu."

Pikipiki ikapita, wakasubiri kelele zake ziishe. Kisha binti akasema polepole, na polepole si kawaida yake. "Mimi sanduku nalifunga, nalifungua. Basi letu ni Jumatatu, mimi na Mlingoti, na yeye anasema yanamkuta hayo hayo. Mama alituzuia mlangoni miaka yote hii. Hakuna kutoka, bado sijasema. Sasa tutatokaje, Baba? Mimi nitajiona nimetoroka."

"Mchungaji atawaombea. Anaomba vizuri."

"Mchungaji ni mchungaji. Tunakutaka wewe."

Fundi akaiweka nyundo chini. "Lile neno si langu, mwanangu. Lina mwenyewe. Kila sala tuliyofungua pale ukumbini tangu aondoke iko wazi mpaka leo, inamngoja. Mimi nikiifunga, ndiyo nimekubali kwamba hasemi tena."

Kasuku alimtazama. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na kope zake zilikuwa zimeloa.

"Hasemi tena, Baba."

Hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo. Mchungaji alisema amelala. Majirani walisema amepumzika. Dada wa marehemu alisema ametangulia, tena alisema akimshika bega, kama vile mkewe ameenda kuwahi nafasi ya mbele kwenye basi. Fundi alipokea pole zote hizo, na zote zilimwachia upenyo mdogo wa kusubiri. Sasa huyu mtoto, msema ovyo wa kikundi, ndiye aliyekuja kuuziba. Alitaka kumkasirikia, hasira ikakataa kuja. Alilia pale pale kibandani, mchana kweupe, mteja mmoja amesimama nje na ndala mkononi, akajifanya anasoma tangazo la dawa ya kikohozi ukutani.

Alipotulia, alichukua kitambaa akavipangusa vile viatu mara nyingine, ingawa havikuhitaji, akavifunga kwenye gazeti.

"Jumapili," akasema.

"Jumapili kweli, au kesho ya fundi?"

"Jumapili kweli."

Asubuhi ya Jumapili alijaribu mbele ya kioo wakati ananyoa ndevu. Alifika kwenye A. Akasafisha koo, akajaribu tena, akafika pale pale, na povu likamkaukia shavuni. Akaamua asijaribu tena, kwani mtu akizidi kujaribu anaweza kulizoea neno kabla halijatumika, na hilo hakulitaka.

Ukumbi ulikuwa umepambwa. Mwoka keki, ambaye hakuwa amesafiri, alileta keki kubwa kuliko ya mwaka jana, makusudi ili fundi aone aibu. Mchungaji alizungumza kwa ufupi, na wote wakamshukuru kimoyomoyo. Wale sita walikaa mbele wamevaa vizuri, Mlingoti na suruali iliyokwisha kumkimbia vifundo vya miguu, Kasuku na viatu vyake vipya vya zamani. Walicheka sana, kile kicheko cha watu wanaoogopa kunyamaza.

Siku hiyo hiyo aliletwa pia mtoto mmoja kutoka shule ya Jumapili, binti mdogo wa familia iliyohamia mtaani majuzi. Alikuwa na macho makubwa, na kipande chake cha keki alikishika kwa mikono miwili asije akakidondosha. Kasuku akampeleka pembeni akamfundisha haraka haraka. "Wewe ndiye mdogo, kwa hiyo unaanza. Sentensi moja tu. Ukimaliza unambinya wa kushoto kwako. Ukibinywa wewe, ndiyo zamu yako ya kusema. Na usiseme amina, sawa? Hata ikikutoka, ing'ate."

"Kwa nini?"

"Utaelewa. Kasimame pale, karibu na Baba Amina."

Kasuku alisahau kumwambia habari za pengo, au hakusahau. Fundi hakuwahi kumuuliza.

Wakasimama mduara. Fundi alikuwa ameshafumba macho, mkono wake wa kulia umo mkononi mwa Kasuku, wa kushoto unaning'inia kama ulivyoning'inia mwaka mzima, aliposikia vidole vidogo vinavyonata keki vikiingia kiganjani. Alisikia mduara mzima ukishika pumzi. Angeweza kusema, angeweza hata kuutoa mkono taratibu. Hakufanya lolote, na mtoto, bila habari yoyote, akaanza.

"Mungu, asante kwa keki."

Mtu akacheka puani. Mbinyo ukaanza safari. Mmoja akaombea mama yake, mwingine akaomba apate chuo, wawili wakabinya tu. Ulipofika kwa Mlingoti, sauti yake nzito ikatoka imepasuka. "Bwana, mwangalie Baba, maana sisi hatutakuwepo." Ukaendelea, ukafika kwa Kasuku. Wote walijitayarisha, kwa kuwa Kasuku hakuwahi kutosheka na sentensi moja. Ya kwake ilikuwa na viungo, na matawi, na salamu. Kasuku hakusema kitu. Aliubinya mkono wa fundi, akaubinya kweli kweli, mpaka pete ya ndoa ya mzee ikamuuma.

"Bwana, wewe unawajua," fundi akasema.

Kisha, kwa mazoea tu, mkono wake wa kushoto ukabinya, na safari hii haukubinya hewa.

Kimya. Feni ikazunguka, ikasimama. Kimya kikaendelea mpaka kikawa cha kutisha, na ndani yake ikatoka sauti ndogo, ya heshima, ya mtu anayeogopa kwamba amekosea.

"Baba, mimi nimeshasema yangu."

"Shh," Kasuku akanong'ona kutoka upande wa pili. "Tunasubiri Amina."

Mtoto akafikiri. Alikuwa mgeni mtaani, nyumbani kwao wameshaanza kuuliza kama wageni wote, na jina la huyu babu alilisikia tangu siku ya kwanza. Fundi akahisi vile vidole vikijichomoa kiganjani mwake.

"Samahani," mtoto akasema. "Sikujua kama mwanao anakuja. Nimesimama mahali pake."

Hakuna aliyecheka. Mahali pengine pote mtaa mzima ungeangua kicheko, na fundi mwenyewe angekuwa wa kwanza. Fundi alisikia mtu mmoja kati ya wale sita akianza kulia, halafu wa pili. Alivishika vile vidole kabla havijatoka vyote.

"Kaa hapo hapo, mwanangu," akasema. "Hukukosea."

Akavuta pumzi. Alijua mkewe alivyokuwa akiivuta, ndefu, mabega yakipanda, na alipoivuta yake alijua hii si ile, na haitakuwa ile. Aliona tena mlango wa ukumbi, na vijana wenye njaa, na mkewe amewazuia. Alitamani awazuie. Angetoa mikono yake yote miwili, na kazi yake nayo, awazuie mpaka kesho tu.

"Amina," akasema.

Neno lilitoka dogo, limekwaruza, la mzee. Kwa kuwa walikuwa wamelelewa vizuri, walipolisikia waliachia mikono. Kasuku aliachia mwisho.

Walimkumbatia mmoja mmoja. Mlingoti aliinama mpaka chini ili amfikie, na shati lake lilikuwa limelowa kifuani. Kasuku alifungua kinywa, akakifunga, akamshika mashavu kwa viganja viwili jinsi alivyokuwa akimshika mgonjwa akimfuta jasho, akaondoka. Fundi hakutoka nje kuwasindikiza. Alisimama pale pale, akazisikia hatua zao zikishuka ngazi na kuingia kwenye kokoto. Wote sita alikuwa amewashonea viatu, na alimtambua kila mmoja mpaka kelele za barabara zikawameza. Viatu vya Kasuku havikutoa sauti kabisa. Alivitengeneza vizuri mno.

Wadogo walianza kupandanisha viti. Ndipo alipogundua kwamba mkono wa kushoto haujaachiwa. Yule binti alikuwa bado amesimama kando yake, amemshika. Mambo yote alifundishwa, ila hakuna aliyemwambia kwamba Amina ikisemwa mtu anaachia.

"Baba," akauliza, akitazama mlangoni. "Kwa hiyo Amina hakuja?"

Fundi alikumbuka jibu. Alilisikia likitolewa uso mkavu miaka nenda miaka rudi, na kila mara alikuwa akigeuka kando asije akaharibu utani kwa kucheka. Halikuwa limemtoka yeye hata siku moja.

"Alikuja," akasema. "Yule huja mwisho."

"Na sasa yuko wapi?"

Alitaka kumjibu na hilo. Akatazama viti vilivyobaki mbele, sita vimekaa pamoja bila watu. Mtoto akasubiri kidogo, akaona jibu haliji, na kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye adabu hakuuliza tena. Aliendelea tu kumshika.